Kijana Anatibiwa, Nyumba Inaachwa

Kijana akinaswa na dawa za kulevya mtaani kwetu, jibu huwa tayari: marafiki. Mama atalisema mlangoni, imamu atalisema kwenye hotuba ya Ijumaa, mwalimu atalisema ofisini na chifu atalirudia barazani. "Ameharibiwa na marafiki." Nimelisikia Majengo, nimelisikia Eastleigh na Dandora, na kila nikilisikia hujiuliza: hao marafiki nao wameharibiwa na nani? Maana ukienda kwao utamkuta mama mwingine kakaa mlangoni, anamtaja huyu wetu.

Siwatetei vijana wa maskani, pale kijiweni wanapokutana. Wapo wanaouza, na wapo wanaomwonjesha mtoto wa darasa la sita bangi ya bure ili kesho aje na pesa. Lakini jambo hili nimekaa nalo miaka mingi ndani ya nyumba yetu wenyewe, na ninachokiamini ni kwamba rafiki hufika mwisho. Kabla yake pamepita mengi, na mengi ya hayo hupita ndani, mbele ya watu wazima. Kisha kijana akishaugua tunachanga pesa, tunamtibu yeye peke yake, tunamrudisha kwenye nyumba ileile ambayo hakuna aliyeigusa.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi. Nyumba ya nyanya ni moja ya zile nyumba za zamani za Kiswahili: mlango mmoja wa mbele, korido ndefu, vyumba kulia na kushoto, jiko na choo uani. Mtaa wenyewe ulianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, na nyumba yetu nyanya aliirithi kwa mamake. Vyumba vya mbele vina wapangaji, vya nyuma tumo sisi. Katika nyumba ya namna hiyo hakuna kinachofichika. Anayekohoa usiku anajulikana, anayepigwa anajulikana, aliyerudi na macho mekundu anajulikana. Ila kujua ni jambo moja na kusema ni jingine. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata za nyumba yetu zote zilikaa kimya.

Ninayemwandika ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo kwetu ni kaka. Nimemwomba ruhusa akanipa, kwa sharti nisimtaje jina. Baba yake alikuwa dereva wa matatu. Akilewa alimpiga mama mkubwa, na watoto walikimbilia chumba cha nyanya wakajifunika blanketi moja. Siku moja hakurudi, na hakuna aliyewaeleza watoto lolote. Kaka alikuwa darasa la pili. Aliambiwa tu, "Wewe sasa ndiye mwanamume wa nyumba," maneno ambayo watu wazima huyasema kwa mapenzi bila kupima uzito wake kwenye mabega ya mtoto wa miaka minane.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti walioufanya San Diego. Waliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 kuhusu utoto wao: walipigwa? Waliona mama akipigwa? Nyumbani kulikuwa na mlevi, mtu aliyeugua akili, mtu aliyefungwa jela? Majibu hayo wakayalinganisha na afya ya watu hao ukubwani. Waliopitia aina nne au zaidi za madhila hayo, hatari yao ya ulevi, ya kutumia dawa za kulevya, ya sonona na ya kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12 ya wale ambao hawakupitia hata moja. Niliposoma hayo niliuhesabu utoto wa kaka kwa vidole, na nne nilizipita bila kutafuta.

Wataalamu wa urithi nao, wakiwalinganisha mapacha, wanakadiria kuwa karibu nusu ya hatari ya uraibu imo kwenye damu. Mtoto wa mlevi basi anarithi mara mbili, damu na nyumba. Hilo halimaanishi kuwa ameshaandikiwa. Kaka ana dada yake, tumbo moja, blanketi lile lile, na hajawahi kugusa hata sigara. Huyo nitarudi kwake, kwa sababu anasahaulika upesi.

Sasa nimseme ami. Ami yetu si mlevi, ni mtu wa swala tano, na alitulisha wengi. Ila kila alasiri alikuwa na muguka wake, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Anatandika mkeka uani, wenzake wanaingia, kuna karanga, kuna chingamu, kuna soda baridi, na mazungumzo yanayofika mpaka magharibi. Anayetumwa kibandani ni mtoto. "Kimbia mwambie ni yangu, asikupe ya jana." Kaka, kabla hajajua kuandika barua, alishajua ipi ni ya leo na ipi imelala, nani anakopesha, na nani ukimgeuzia mgongo anapunguza kipimo. Akitoka hapo anatumwa sigara moja kwa mpangaji wa chumba cha mbele. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2007 ilikataza kuuza sigara moja moja na ikakataza kumuuzia mtoto, lakini mwenye duka anamjua mtoto ni wa nani, na mtoto anamjua mwenye duka.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta kuwa Wakenya milioni 4.7 wa umri wa miaka 15 hadi 65, yaani mmoja kati ya sita, wanatumia angalau kileo au dawa moja. Umri mdogo kabisa uliotajwa wa kuonja tumbaku ulikuwa miaka 6, na pombe miaka 7. Watu walishtuka redioni. Mimi sikushtuka. Mtoto wa miaka sita hana pesa na hana maskani. Alichonacho ni nyumbani na watu wanaomtuma.

Ami hakumfundisha kaka kutumia unga, yaani heroini, na sitaki mtu asome hivyo. Alichomfundisha, bila kusema neno, ni kuwa mwanamume akichoka au akizidiwa na mawazo kuna kitu cha kutia kinywani, na kuwa wenzake watakuja kukaa naye akikitia. Mtoto aliyekuwa akimngoja baba asiyerudi aliliona lile duara la mkekani, na akalitamani duara lenyewe zaidi ya majani.

Mengine nitayapita haraka. Bangi ilianza sekondari. Shule ilimkuta nayo mfukoni, ikamfukuza siku hiyohiyo, na geti likafungwa. Hakuna aliyemuuliza ameanza lini wala kwa nini. Akashuka soko la Gikomba kubeba mabelo ya mitumba. Belo moja ni kama kilo 45, kazi inaanza kabla ya adhana ya alfajiri, na vijana wanaobeba hutafuna au huvuta ili mgongo ukubali. Nimeongea na makanga wa matatu wanaoamka saa tisa usiku, na kwao ni hivyohivyo: kazi yenyewe ina dawa ndani yake, na asiyetumia anaonekana mgeni. Tunapohesabu marafiki wabaya, tajiri anayemlipa kijana kwa mzigo wa mgongoni bila siku ya mapumziko naye ahesabiwe.

Na maskani? Nilikwenda kukaa nao mara kadhaa, nikitaka kuelewa kinachomvuta. Ni ukuta tu, benchi la mbao na redio. Lakini kaka akitokea, watu wanasogea apate nafasi. Ana jina lake la pale, la utani, linaloitwa kwa furaha. Chapati moja inakatwa watu wanne. Alipoumwa na malaria ni wao waliombeba hadi hospitali, na mmoja wao alilala naye kwenye foleni. Hakuna aliyemuuliza habari ya kidato cha pili. Nyumbani alikuwa kesi, maskani alikuwa mtu. Anayetaka kumtoa kijana kwenye ukuta ule ajiulize kwanza atamkalisha wapi.

Hapo ndipo unga ulipomkuta, ndani ya bangi, ile wanayoiita kokteli. Mara za mwanzo hakujua kilichochanganywa. Alijua siku aliyoikosa, mwili ulipoanza kudai. Arosto ya heroini, yale mateso ya mwili uliokosa dawa, huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kipimo cha mwisho: pua zinatiririka, tumbo linaharisha, mifupa inauma kama inayopasuliwa, usingizi hauji. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, na huchukua karibu wiki kutulia. Aliyemwona mtu katika hali hiyo hatasema tena kwamba ni ukaidi.

Aliyeiona zaidi ni mama mkubwa. Yeye hupika mahamri na viazi karai, anauza pale mlangoni. Alfajiri, akishaswali, alikuwa akifungua fundo la leso yake, anahesabu sarafu na noti za jana, anatenga za unga wa ngano, za mafuta, za makaa. Kisha anatenga shilingi mia mbili pembeni, anazikunja ndogo kabisa, anaziweka chini ya kikombe cha chai ya mwanawe. Hakuna aliyetakiwa kuona, na sote tuliona. Sufuria kubwa ya biriani ilipopotea, yeye mwenyewe alikwenda Gikomba kwa wauza vyombo akaitafuta mpaka akaipata, akainunua tena, akairudisha rafuni kimya.

Watu walimwita mdekezaji. Mimi nilimuuliza, siku tuko wawili tunamenya viazi. Akanijibu, "Mwanangu, nisipompa mimi ataipata kwa mtu. Na huyo mtu atamtilia tairi." Sokoni tumeshuhudia wezi wakichomwa, vijana wa majirani, kwa simu na kwa jozi ya viatu. Shilingi mia mbili zilikuwa ni bima ya roho ya mwanawe kwa siku moja. Anayetaka kumlaumu amwonyeshe kwanza njia nyingine aliyokuwa nayo saa kumi na moja alfajiri, peke yake.

Peke yake ndilo neno linalonikera. Kikao cha familia kilikuwa kikiitishwa. Wajomba na baba wadogo wanakuja kutoka South C na Komarock, wanaegesha magari kwa shida, wanakaa sebuleni, wanapewa chai na yale mahamri. Na katika kila kikao mshtakiwa alikuwa mama mkubwa. Umemlea vibaya. Umemdekeza. Ungemuoza mapema. Wakimaliza wanapiga dua, wanaondoka, na mzigo unabaki pale pale chini ya kikombe. Hata mmoja hakusema, "Mwezi huu kijana akae kwangu." Aibu ya nyumba ilihifadhiwa vizuri kuliko mtu wa nyumba.

Walipoamua kutenda, walimpeleka Mombasa kwa ndugu, "akae mbali na marafiki wa Nairobi." Mombasa! Mji ambao heroini iliingia tangu miaka ya 1980, njia ambayo mzigo kutoka Afghanistan hupitia baharini kabla haujapanda bara. Alirudi amekonda zaidi. Akapelekwa kusomewa, kwa kuwa wapo waliosema ni pepo. Kusomewa sikupingi, kulimtuliza moyo na kukampa mtu wa kumshika mkono. Lakini arosto haikusikia. Mtu mwingine akashauri afungiwe chumbani mpaka imtoke. Hili nalisema wazi kwa atakayesoma akiwa na mgonjwa nyumbani: arosto ya heroini kwa nadra huua mtu mzima mwenye afya, ila mlevi mkubwa wa pombe akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege akafa mle mle mlikomfungia. Apelekwe hospitali.

Mwishowe ulifanyika mchango mkubwa, akalipiwa miezi mitatu kwenye kituo cha kurekebishia tabia. Alitoka amenenepa, anacheka, anaswali. Tulimpikia pilau. Jioni ile ile alikaa chumba kile kile, kwenye korido ile ile, mkeka wa ami umetandikwa uani, na mlangoni wamesimama wawili wa maskani waliokuja kumpongeza kwa moyo safi kabisa.

Kuna utafiti ambao ningependa kila familia inayochanga iusome. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliingiwa na hofu kwa kuwa wanajeshi wake wengi walikuwa wakitumia heroini huko Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliporudi makwao. Karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu kule. Mwaka wa kwanza nyumbani, kati ya waliokuwa waraibu, karibu asilimia 5 tu ndio walioingia tena kwenye uraibu. Walikuwa wametoka kwenye vita, kwenye hofu na upweke, kwenye mahali ambapo heroini ilikuwa rahisi kuipata na kila mtu anatumia, wakaenda kwa wake zao, kazini, kwenye mitaa ambayo haikuwakumbusha chochote. Sisi tunafanya kinyume. Kijana tunamtoa vitani miezi mitatu, anapumzika, kisha tunamrudisha mstari wa mbele na kumwambia awe na msimamo.

Kurudi huko kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Mwili uliopumzika husahau kuhimili dawa. Kipimo kile kile alichokuwa akikizoea, akikirudia baada ya miezi mitatu, kinaweza kumzimisha pumzi. Ndiyo maana vifo vingi hutokea wiki za mwanzo baada ya kutoka kituoni au jela. Kaka alirudia ndani ya mwezi, na aliponea chupuchupu, akaokotwa nyuma ya ukuta na walewale marafiki.

Sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya heroini. Kenya ilianza tiba hii mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari, pale kando ya barabara ya Thika, na kliniki nyingine ya Nairobi ikafunguliwa Ngara. Haitozwi pesa. Anakwenda kila siku, anakunywa dawa ya maji mbele ya mhudumu, anaondoka. Haimleweshi kwa kipimo chake, ila arosto haimpati siku nzima, na mtu asiyeumwa anaweza kufikiri. Baadhi ya jamaa wanasema amebadilisha dawa moja kwa nyingine. Nawaambia mama mkubwa hafichi tena noti chini ya kikombe, na wao wapime wenyewe.

Lakini kilichobadilisha mambo, kwa ninavyoona, ni kwamba safari hii mshauri nasaha alikataa kuongea na kaka peke yake. Aliwataka wa nyumbani. Ami alikwenda, kwa kusitasita. Sikuwapo chumbani, ila aliporudi aliuhamisha mkeka, alasiri zake sasa ziko kwa rafiki yake, mtaa wa pili, na watoto wa nyumba hawatumwi tena kibandani. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, hakuwa na lazima ya kubadilika. Mjomba wa Komarock amempa kaka kazi ya kuhesabu mali kwenye duka lake la vipuri, kuanzia saa nne, ili apitie kliniki kwanza. Yeyote anayetaka pa kuanzia, simu ya NACADA ni 1192 na haitozwi. Anayepiga si lazima awe mtumiaji, mama au dada anaweza kupiga.

Dada huyo sasa. Mwaka ule wa mchango mkubwa alikuwa kidato cha tatu. Karo yake iliingia kwenye mfuko wa kituo, akaambiwa asubiri muhula mmoja, na muhula mmoja ukawa miaka. Alikaa nyumbani akakanda unga wa mahamri, akalala na mlango umekazwa kwa kiti ili simu yake isichukuliwe. Hakuna kikao kilichomuuliza hali yake, kwa sababu yeye hakuwa tatizo. Na kama angekuwa anatumia, naamini angefichwa zaidi ya kaka. Kwenye foleni ya kliniki wanawake ni wachache, na sidhani ni kwa sababu hawaugui.

Mshauri alipowaita wa nyumbani, naye alikwenda. Alipopewa nafasi alisema hana neno na kaka yake, ila anataka karo yake ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu. Wajomba wamekubali. Ameandikishwa masomo ya jioni, atafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kaka anatoa sehemu ya mshahara wake kila mwisho wa mwezi, anampa mkononi.